Dawa ya Madoa na Watu Waliojaribiwa

Msomaji, u katika umri ambao chunusi huja usoni bila hodi, na zikiondoka huacha alama. Sisi walimu twawajua vijana wakaao viti vya nyuma na kuinamisha uso, si kwa kutojua jibu, bali kwa kutotaka kutazamwa. Baadhi yao hujinyima chakula cha mchana, wakaweka akiba mpaka ikatosha kununua kichupa kilichoandikwa retinoli, ambacho wamesikia kuwa huondoa madoa. Nataka kukueleza asili ya kitu kilichomo katika kichupa hicho. Historia yake yapita mahali pawili ambapo huenda hupatazamii: katika ini la papa, na katika gereza.

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Chunusi inapovimba, ngozi huwaka kwa ndani, na vile viini vitengenezavyo rangi ya mwili hushtuka vikamwaga rangi kupita kiasi. Uvimbe ukiisha rangi hubaki, nalo ndilo doa jeusi. Katika ngozi nyeusi doa hilo huonekana zaidi na hudumu kwa miezi mingi. Lakini kovu lenye shimo ni jambo jingine: hapo nyama ya chini ya ngozi imeharibika, wala hakuna rangi ya kufuta. Dawa tunayoizungumza husaidia doa. Shimo hailijazi, ingawa wauzaji wengi hawapendi kulisema hilo.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na njia zao za kutunza uso. Wanawake wa Mji wa Kale walisugua mti wa msandali juu ya jiwe lenye maji wakapata liwa, wakajipaka usoni ili kupoza ngozi na kunukia. Na bibi arusi alisuguliwa singo siku nyingi kabla ya kutolewa nje. Ni desturi nzuri, nami sipendi kuzisikia zikidharauliwa. Hata hivyo, kitu cha kichupani kilikuwa karibu na watu wa Mombasa kuliko walivyojua. Majahazi yaliyokuja na kaskazi hadi Bandari ya Kale yalipakwa mafuta ya ini la papa ili mbao zisiharibiwe na jua na maji ya chumvi. Mafuta hayo huitwa sifa, na harufu yake humfikia mtu kabla hajaliona jahazi lenyewe. Ini la papa lina utajiri mwingi wa vitamini A, na retinoli ni jina jingine la vitamini hiyo hiyo. Wala jina hilo halikutokana na ngozi, bali na retina, yaani utando wa ndani ya jicho upokeao mwanga, kwa maana mtu aliyepungukiwa na vitamini A haoni vizuri magizani.

Vitamini yenyewe iligunduliwa kwa kulisha panya. Mwaka 1913, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, Elmer McCollum na Marguerite Davis waliona kuwa panya waliopewa mafuta ya nguruwe walidumaa, bali waliopewa siagi au kiini cha yai walikua. Mwaka 1931 Paul Karrer wa Zurich alieleza umbo lake la kikemia, akitumia mafuta ya maini ya samaki. Vita Kuu ya Pili ilipokatiza mafuta ya samaki yaliyokuwa yakitoka Ulaya, wavuvi wa California waliwawinda papa wa pwani yao kwa ajili ya maini tu, hata wakapungua sana baharini. Baadaye wanakemia wa Uswisi na Uholanzi waliweza kuitengeneza vitamini na asidi yake katika maabara, na papa wakapata nafuu.

Madaktari wengine wa miaka ya 1940 walijaribu kuwatibu wenye chunusi kwa kuwamezesha vitamini A nyingi mno. Faida ilikuwa ndogo na hatari kubwa, kwani vitamini hii ikizidi mwilini hudhuru ini na mifupa. Basi likazuka swali: je, haiwezi kupakwa juu ya ngozi tu? Aliyelijibu kwa namna iliyoenea duniani alikuwa Daktari Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na hapo ndipo tunapoingia gerezani.

Kligman aliitwa katika gereza la Holmesburg, mjini Philadelphia, mwaka 1951, kutazama maradhi ya miguu yaliyowasumbua wafungwa. Mwaka huo huo, hapa Tudor, Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza. Naitaja tarehe hiyo ili upime umbali wa mambo haya: babu yako, kama alikuwa miongoni mwa vijana wale, angeweza kuwa rika moja na mfungwa wa Holmesburg. Mwaka 1966 daktari alimweleza mwandishi wa gazeti kwamba alipoingia mle hakuona mbele yake ila maeka ya ngozi, naye akafurahi kama mkulima aonaye shamba lenye rutuba. Ninapowasomea wanafunzi wangu habari hii, hapo darasa hunyamaza.

Majaribio yaliendelea hadi mwaka 1974. Wengi wa waliojaribiwa walikuwa watu weusi, na wengi hawakuwa wamehukumiwa bado. Walikuwa wakingoja kesi kwa kukosa fedha za dhamana. Kwa dola chache waliruhusu migongo yao ipakwe dawa, manukato, na vitu ambavyo hawakuambiwa majina yake. Katika miaka ya 1965 na 1966 wafungwa wapatao 70 walipakwa dioksini, ambayo ni sumu kali. Wapo watakaosema kuwa walikubali na kulipwa. Lakini mahakama ya Nuremberg ilikwisha kusema mwaka 1947 kwamba mtu asijaribiwe ila kwa hiari yake na kwa kujua anachofanyiwa. Na hiari ya mtu aliye nyuma ya komeo, mwenye njaa ya dola moja, ni hiari ya namna gani?

Asidi ya vitamini A ilikuwa miongoni mwa vitu alivyovichunguza Kligman katika miaka hiyo. Mwaka 1969 yeye na wenzake walitangaza kuwa dawa hiyo ikipakwa huzibua vitundu vya ngozi na kuondoa chunusi, na mwaka 1971 serikali ya Marekani iliruhusu iuzwe. Iliwatajirisha watu, lakini si wafungwa. Mwaka 2000 karibu 300 kati yao walikwenda mahakamani. Kesi ikatupwa kwa sababu muda wa kisheria ulikuwa umepita. Chuo cha tiba cha Pennsylvania kiliomba radhi mwaka 2021, na mji wa Philadelphia mwaka 2022, wakati wengi wa waliopakwa walikuwa wamekwisha kufa.

Je, dawa yenyewe yafaa? Yafaa. Mwaka 1993 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha uchunguzi juu ya wagonjwa 54 weusi wenye madoa yaliyoletwa na uvimbe wa ngozi. Baada ya majuma 40, asilimia 92 ya waliopaka asidi ya vitamini A walikuwa wamepata nafuu; katika waliopewa malai isiyo na dawa, ni asilimia 57. Tazama mambo mawili hapo. Wengi hupona kwa kungoja tu. Na majuma 40 si siku saba zinazotangazwa na wauzaji. Zaidi ya hayo, nusu ya waliotumia dawa ngozi yao iliwaka na kubanduka, na ngozi nyeusi ikiwaka huweza kufanya madoa mapya. Retinoli ya dukani ni pole zaidi, kwa kuwa ngozi haina budi kuigeuza kwanza kuwa asidi; kwa hiyo huchelewa. Hupakwa usiku, kidogo, na mchana mtu hujikinga na jua, ambalo hapa kisiwani halina huruma. Mwanamke mjamzito asiitumie.

Yabaki neno moja juu ya mkorogo, kwani kijana asiye na subira ya majuma 40 huangukia huko. Mwaka 1975 Kligman na mwenzake Willis walichapisha mchanganyiko wa vitu vitatu wa kung'arisha ngozi: asidi ya vitamini A, haidrokwinoni, na dawa ya jamii ya steroidi. Mikononi mwa daktari, kwa muda mfupi, mchanganyiko wa namna hiyo hutibu. Lakini vitu hivyo vikikorogwa na asiyejua, vikauzwa katika kopo lisilo na jina, steroidi hukonda ngozi na kuleta chunusi zile zile zilizokuwa zikikimbiwa, na haidrokwinoni ikitumiwa miaka mingi huacha mabaka ya weusi wa samawati yasiyotoka. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni na zebaki mwaka 1998. Makopo yaliendelea kupita kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo, ukishika kichupa au kopo, ligeuze usome nyuma yake: kilichomo, kiasi chake, na jina la aliyekitengeneza. Kama hapakuandikwa kitu, mrudishie muuzaji.