Moto Chini ya Goti

Mwaka 1973, huko Mawangdui karibu na mji wa Changsha nchini China, lilifukuliwa kaburi lililofungwa mwaka 168 KK. Kati ya maandishi ya hariri yaliyokutwa humo, mawili yanaeleza njia kumi na moja zinazopita mwilini. Katika mojawapo, maradhi ya kila njia yakishatajwa, agizo ni lilelile: choma njia hiyo. Sindano, ambazo leo ndizo zinazojulikana zaidi, hazimo kabisa. Kwa hiyo tunapoutafuta mchango wa waganga wa wakati huo, tuutafute kwanza katika moto, na hasa katika msisitizo wao kwamba mahali joto linapowekwa ndipo penye tiba.

Moto wenyewe ulitoka kwenye mmea wa jamii ya pakanga. Majani yake hukaushwa na kutwangwa mpaka yawe kama sufi, yakafinyangwa vitonge, vingine vidogo kama punje ya mchele, vikawashwa juu ya ngozi. Pahali palipopendwa sana ni upande wa nje wa mguu, vidole vinne chini ya goti. Mshairi Bashō wa Japani alijichoma hapo kabla ya safari yake ndefu ya 1689. Katika karne ya 20 daktari Hara Shimetarō, pia wa Japani, alipima damu ya wanyama waliochomwa hivyo, akaona chembe nyeupe zimeongezeka. Alidhani ngozi iliyoungua hutoa kemikali zinazosambaa na damu. Ikiwa ni hivyo tu, popote pangefaa.

Jibu la kwa nini mahali ni muhimu limekuja kwa njia ya neva. Mwaka 2000 kundi la Kevin Tracey huko Marekani lilionyesha kwamba neva ya vagasi ikisisimuliwa, kinga ya mwili wa panya hupunguza ukali wake. Mwaka 2021 mtafiti Qiufu Ma na wenzake walieleza kwamba umeme hafifu ukipitishwa chini ya goti la panya huamsha neva fulani za mguu. Ishara hufika kwenye ubongo, hushuka kwa vagasi hadi tezi za adrenali, na uvimbe wa ndani hupungua. Umeme huohuo tumboni haukufanya hivyo, kwa kuwa neva za aina hiyo hazipo huko kwa wingi.

Mpinzani atasema umeme si moto, na panya si mtu. Ni kweli, tena neva hizo ziko ndani zaidi ya ngozi, na haijathibitishwa kwamba joto la kitonge huzifikia. Siwezi basi kudai kwamba maabara imeithibitisha tiba ya kale. Lakini wanaosema ni imani tupu ya mgonjwa wanakwama hapa: panya hana imani na goti kuliko tumbo. Kilichopata nguvu ni swali la waganga, la mahali. Maelezo yao ya njia kumi na moja yanabaki kuwa yao. Na wanaochoma leo wana deni jingine, la kueleza wakati wa kuchoma, kwani majaribio ya 2020 ya Ma na wenzake yalionyesha kwamba umeme mkali tumboni uliwasaidia panya ulipotangulia ugonjwa, na uliwazidishia uvimbe ulipokuja baadaye.