Tufani, Waya na Daftari

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu, mwandishi wa makala haya ametakiwa aeleze namna wakulima na wafanyabiashara wa Unguja walivyohifadhi habari za mali yao, na hatari zilizowafika kila kilipoingia chombo kipya. Huenda baadhi ya wazee wetu wakasema kuwa hayo ni mambo ya vijana wa kompyuta. Sivyo. Mwanachama aliyepeleka karafuu zake mizanini akarudi nyumbani na stakabadhi mfukoni, huyo ndiye mwenye shauri hili. Kwani stakabadhi ikipotea, na afisi nayo isiwe na kumbukumbu, atazidai kwa kiapo tu.

Yafaa tuanze mbali kidogo. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja. Vyombo vilivunjika bandarini, zikiwamo merikebu za Seyyid Barghash, na sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hiki iling'oka. Mkarafuu si mhogo. Ukiupanda leo utangoja miaka kadhaa kabla ya kuchuma. Pemba iliokoka. Basi mwenye mashamba Unguja peke yake alibaki na madeni, na mwenye shamba jingine Pemba alipata pa kushikia. Na tangu zama hizo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Naomba msomaji aiweke habari hii akilini, kwani tutairudia.

Mwaka huo huo wa 1872 meli za barua za kampuni ya British India zilianza kufika kila mwezi kutoka Aden. Kabla yake, habari za bei zilifuata majira ya kaskazi na kusi. Mwaka 1879 ukalazwa chini ya bahari waya wa simu za maandishi, kutoka Aden kupitia Unguja hadi Durban, na bei ya London ikawa jambo la saa chache. Jengo la kampuni ya simu pale Shangani lipo hata leo, ingawa sasa ni hoteli, na wageni hunywa chai pale walipokuwa wakikaa makarani wa simu. Lakini tusijidanganye: aliyefaidi ni tajiri wa mjini aliyeweza kulipia maneno ya simu. Mkulima wa shamba aliendelea kuijua bei kwa kinywa cha dalali. Hiyo ilikuwa hatari ya kwanza ya habari katika biashara yetu, nayo ndiyo mojawapo ya sababu za watu kuungana katika vyama vya ushirika.

Nayapita mengi, niufikie waya mwingine. Mwaka 1980 Unguja iliunganishwa na umeme wa Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Ulikuwa neema kubwa. Maghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, yaliwaka taa. Pampu za maji zikavuta maji, na hatimaye kompyuta zikaingia maafisini. Mzigo wote huo ukatundikwa katika uzi mmoja.

Tarehe 21 Mei 2008 uzi huo ulikatika. Kisiwa kizima kilikaa gizani kwa muda wa takriban wiki nne. Waliokaa ghorofa za juu hapa Michenzani walipandisha maji kwa ndoo, ngazi kwa ngazi. Mwandishi alikuwa karani katika duka moja la jumla ambalo sina haja ya kulitaja. Mwenyewe tajiri alijivunia kuwa ameacha madaftari. Madeni yote ya wateja yalikuwa ndani ya kompyuta, wala hapakuwa na hata ukurasa mmoja uliochapwa. Siku ya tatu walianza kuja wateja, na kila mmoja akataja deni lake mwenyewe. Wengine walisema kweli, Mungu awalipe. Wengine walisahau, na nadhani wachache walisahau kwa makusudi. Nasi hatukuwa na la kuwajibu. Jirani yetu, mzee aliyekuwa akiandika kwa kalamu katika daftari lenye jalada jekundu, aliuza mshumaa na kandili, akaandika deni, na jioni akafunga duka bila ya wasiwasi. Tulikuwa tukimcheka mzee yule.

Tajiri alinunua jenereta, na mafuta yakala faida. Jambo lililomsaidia zaidi lilikuwa jepesi: kila Alkhamisi jioni tuliichapa orodha ya wadeni, na nakala moja akaenda nayo nyumbani kwake. Umeme ulipokatika tena mwezi wa Desemba 2009, ukakaa hadi Machi 2010, miezi mitatu, hatukupoteza deni hata moja.

Serikali nayo haikulala. Pemba iliunganishwa na Tanga kwa waya wake wenyewe mwaka 2010, na mwaka 2013 Unguja ikapata waya wa pili, wa megawati 100, kwa fedha za Marekani. Ni kazi ya kushukuriwa. Hata hivyo waya huo nao watoka Ras Kiromoni na kufika Fumba, na gridi ya Bara ikipata hitilafu, nyaya zote mbili hazina cha kuleta.

Jambo kama hilo lilidhihirika katika intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, ziliharibika pamoja katika bahari ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Zilikuwa mbili, lakini hazikutengana vya kutosha. Mwenye mashamba mawili ya mikarafuu, yote yakiwa Unguja, tufani ya 1872 ilimwacha sawa na mwenye moja.

Ipo pia hatari isiyotoka baharini. Hakuna mwanachama ambaye simu yake haijapata kuletewa ujumbe wa kumtaka zile fedha azitume kwa namba nyingine. Mwizi huyo havunji mlango. Hungoja siku ambayo kweli unangoja kumtumia mtu fedha. Na katika afisi, neno la siri likijulikana na watu watano, si siri tena, na pakitokea upungufu hapana wa kuulizwa. Viongozi wetu wasione haya kulibadilisha kila karani anapoondoka, hata akiwa ni ndugu.

Sasa tutazame nyumbani. Kwa miaka kumi Chama kimeandika uzito wa mazao ya kila mwanachama, kwanza kwa mkono, kisha kwa kompyuta, na nakala ya akiba huchukuliwa kila mwisho wa wiki. Hilo ni jema, na makarani wanastahili pongezi. Lakini mwandishi alipotaka kuiona nakala hiyo alionyeshwa kabati, nalo limo katika chumba kile kile chenye kompyuta, chini ya dari ile ile inayovuja wakati wa masika, na ufunguo wake hutundikwa msumarini nyuma ya mlango. Nimekwisha kumwandikia Katibu kuomba Kamati ikubali nakala ya pili ipelekwe Pemba kila mwezi, kwa wanachama wenzetu wa Wete, nao watuletee yao. Shauri hilo litasomwa katika Mkutano Mkuu ujao. Wanachama watakaohudhuria wanaombwa waje na stakabadhi zao za msimu uliopita, ili zilinganishwe na kumbukumbu za afisi, jina kwa jina.