Hesabu za George Lucas

Mei 1977, filamu ya Star Wars ilipoanza kuonyeshwa Marekani, haikuwa na namba. Hakuna aliyekata tiketi akidhani anakwenda kutazama sehemu ya nne ya kitu chochote. Studio ya 20th Century Fox, iliyotoa takriban dola milioni 11 kuitengeneza, haikutarajia makubwa, na kwa hiyo haikusita sana pale mwongozaji wake, George Lucas, alipoacha kudai ujira mkubwa zaidi akaomba haki za filamu za mwendelezo na za bidhaa. Alipewa. Tangu hapo, swali la kama kutakuwa na filamu nyingine lilikuwa na mtu mmoja tu wa kulijibu, naye alilijibu kwa namna tofauti kila alipoulizwa.

Mwanzoni alijiandaa kwa mabaya. Alimwajiri mwandishi Alan Dean Foster atunge hadithi ambayo ingeweza kurekodiwa kwa pesa kidogo endapo filamu ya kwanza ingeingiza mapato haba. Riwaya hiyo, Splinter of the Mind's Eye, ilitoka 1978, wakati umaskini uliotarajiwa ulikuwa umegeuka utajiri. Magazeti yakaanza kuandika habari za filamu kumi na mbili.

Mwaka 1980 The Empire Strikes Back ilifunguka kwa maandishi yaliyoitambulisha kuwa sehemu ya tano. Mwaka uliofuata ile ya kwanza ikarudishwa kwenye majumba ya sinema ikiwa imepachikwa namba nne, kana kwamba ilizaliwa nayo. Sasa Lucas alizungumzia filamu tisa, mafungu matatu ya tatu tatu. Mwigizaji Mark Hamill amesimulia kwamba walipokuwa jangwani Tunisia, huko nyuma mwaka 1976, Lucas alimuuliza kama angependa kuonekana katika sehemu ya tisa, na alipotaka kujua ni lini, akatajiwa mwaka 2011.

Kisha maisha yakaingilia. Empire aliigharimia mwenyewe kwa mikopo ya benki, na gharama zikapita makadirio. Return of the Jedi ilipotoka Mei 1983, ndoa yake na Marcia Lucas, mmoja wa wahariri walioipatia filamu ya kwanza tuzo ya Oscar, ilikuwa inavunjika. Alisema amechoka. Uchovu huo, kwa maoni yangu, unaonekana ndani ya filamu yenyewe. Katika Empire mzee Yoda alikuwa amedokeza kwamba zaidi ya Luke, shujaa wa hadithi, yupo mwingine wa kutegemewa. Dokezo la namna hiyo huwekwa na mtu anayetarajia kuwa na nafasi tele mbele. Katika Jedi huyo mwingine akageuka kuwa Leia, dada wa Luke, jambo lililoelezwa kwa mazungumzo machache tu, na mlango ukafungwa. Mtayarishaji Gary Kurtz, aliyeachana na Lucas kabla ya Jedi, alidai baadaye kwamba mpango waliokuwa nao awali ulikuwa mwingine kabisa.

Kilichomrudisha ni kompyuta. Kampuni yake ilipounda baadhi ya dinosaria wa Jurassic Park, iliyotoka 1993, aliona kwamba dunia alizozifikiria sasa zinaweza kuchorwa. Akarudi nyuma kutengeneza sehemu ya kwanza hadi ya tatu, kuanzia 1999 hadi 2005. Na zile tatu za mwisho? Akawa anasema hapakuwahi kuwa na hadithi ya filamu hizo. Mwaka 2008 alilieleza jarida la Total Film kwamba masimulizi ni ya Anakin Skywalker, baba wa Luke, yanaishia pale anapokufa, na kwamba ameacha maagizo filamu nyingine zisitengenezwe hata yeye akishaondoka.

Sidhani alikuwa mwongo. Alikuwa mtu wa kuandika rasimu juu ya rasimu, na historia yake mwenyewe aliichukulia kama rasimu nyingine: toleo jipya likikamilika, la zamani husemwa kuwa halikuwahi kuwapo.

Tarehe 30 Oktoba 2012 Disney ilitangaza kuinunua Lucasfilm, kampuni ya Lucas, kwa dola bilioni 4.05, na sehemu ya saba ingefuata. Lucas alikabidhi pia muhtasari wa hadithi za filamu tatu zijazo. Disney iliuweka kando. Bob Iger, aliyekuwa mkuu wa Disney wakati huo, ameandika katika kumbukumbu zake za 2019 kwamba Lucas alihisi amesalitiwa. Mkataba, hata hivyo, haukuilazimisha Disney kuufuata muhtasari huo. Kwa mara ya kwanza tangu miaka ya sabini, kauli yake ilikuwa maoni tu.

Mwaka 2020 kikatoka kitabu kikubwa cha Paul Duncan kuhusu filamu za 1999 hadi 2005. Humo Lucas anaieleza hadithi ambayo angeisimulia baada ya Jedi: mhusika mwovu Darth Maul akiwa bwana wa magenge ya wahalifu katika magofu ya dola iliyoanguka, na Leia akihangaika kuijenga upya jamhuri.