Njia ya Baghala, Mlima Wilson

Kutoka mji mdogo wa Sierra Madre, California, njia ya miguu hupanda ubavuni mwa milima ya San Gabriel hadi kilele cha Mlima Wilson, mita 1,740 hivi juu ya usawa wa bahari. Benjamin Wilson aliifungua mwaka 1864 akifuata mbao. Miaka arobaini baadaye George Ellery Hale alianzisha kituo cha darubini kule juu, na mbao zikaanza kupanda badala ya kushuka, zikibebwa na baghala, wale watoto wa punda na farasi. Mmoja wa vijana waliowaswaga ni Milton Humason. Aliacha shule akiwa na miaka 14 hivi kwa sababu aliupenda mlima, na hakurudi tena darasani.

Mwaka 1911 alimwoa Helen Dowd, binti wa mhandisi wa kituo, wakahamia bondeni. Mwaka 1917 akarudi mlimani kama mfagizi. Mwezi Julai mwaka huohuo, kioo cha darubini ya inchi 100, chenye uzito unaozidi tani 4, kilipandishwa kwa lori. Zama za baghala zilikuwa zinafikia ukingoni. Mfagizi akawa msaidizi wa zamu ya usiku, akajifunza kupiga picha za nyota, na haikupita miaka mingi Hale akamwingiza katika orodha ya wanasayansi. Wapo walionung'unika: mtu huyu hana hata cheti cha sekondari! Hale hakuwasikiliza.

Wakati huo mwanaastronomia Vesto Slipher, kule Arizona, alikuwa ameshaonyesha kwamba galaksi nyingi zinatukimbia. Mistari katika mwanga wake uliotawanywa kwa rangi ilikuwa imesogea upande wa wekundu, na kadiri inavyosogea ndivyo kasi inavyokuwa kubwa. Edwin Hubble, mwanaastronomia wa Mlima Wilson, alitaka kujua kama zilizo mbali zaidi zinakimbia zaidi. Alihitaji mtu wa kuukamata mwanga hafifu mno, akamwendea Humason.

Picha moja ya mwanga wa galaksi NGC 7619 ilidai saa 33, ya pili saa 45. Hizo ni saa za usiku mwingi: alfajiri bamba la kioo linafunikwa, jioni linaendelea kupokea mwanga wa galaksi ileile. Darubini iligeuzwa na mtambo wa saa ulioendeshwa na uzito unaoshuka, lakini mtambo haukuaminika peke yake. Humason alikaa kwenye lenzi, jicho likiwa kwenye nyota ya kuongozea, akiirekebisha kila ilipoteleza. Moto haukuwashwa hata wakati wa baridi kali, maana hewa ya joto huvuruga taswira. Matokeo yake ni kibamba kidogo chenye mistari miwili ya kalsiamu, na kasi ya kilomita 3,779 kwa sekunde, mara mbili ya kasi yoyote aliyoipima Slipher. Ilichapishwa mwaka 1929, sambamba na makala ya Hubble kuhusu swali lake la umbali na kasi, ambayo dunia inaikumbuka.

Mimi naona kazi yake kubwa zaidi ilikuja baadaye. Galaksi moja pekee haikupi umbali wa kuaminika, lakini katika kundi la galaksi zote zipo takriban mbali sawa nasi, kwa hiyo unaweza kuchagua zile zinazong'aa zaidi na kuzilinganisha na za makundi mengine. Humason akaingia kwenye makundi. Kundi la Leo lilimpa kilomita 19,700 kwa sekunde mwaka 1931. Lenzi mpya iliyobuniwa na mtaalamu wa lenzi aitwaye Rayton kwa mtindo wa lenzi ya hadubini ilimpunguzia saa za kungoja, na kufikia 1936 alikuwa kwenye kilomita 42,000 katika Ursa Major. Darubini ya Mlima Palomar ilipokuwa tayari, ikampeleka hadi kundi la Hydra: kilomita 61,000 kwa sekunde, moja ya tano ya kasi ya mwanga.

Mwaka 1956 yeye, Nicholas Mayall na Allan Sandage walichapisha orodha kubwa ya kasi hizo. Galaksi 620 zilipimwa Wilson na Palomar, nyingine 300 alizipima Mayall kwenye kituo cha Lick. Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, kilikuwa kimeshampa Humason shahada ya heshima mwaka 1950. Alistaafu mwaka 1957, na miaka minne baadaye akagundua nyota yenye mkia, yaani kometi, ambayo imebeba jina lake.