Picha ya Hubble ya mwaka 1995

Wapendwa wengi wanatuuliza kama picha hizi ni za kweli. Tuchukue moja. Desemba 1995, darubini ya Hubble, inayozunguka dunia tangu 1990, ilielekezwa siku kumi mfululizo kwenye kipande kidogo cha anga kilichoonekana kitupu kabisa. Wataalamu wengine walimwonya Robert Williams, mkurugenzi wa kituo chake: usipopata kitu itakuwa aibu, maana kasoro ya kioo ilikuwa imesahihishwa 1993 tu. Yeye alitoa muda wake mwenyewe wa mkurugenzi. Picha 342 zilipounganishwa, galaksi karibu 3,000 zilionekana, hafifu mno. Rangi tunazoziona zimetokana na vichujio mbalimbali vya mwanga, hakuna aliyezibuni.