Kiunga cha Mzizi

Katika rasimu ya kitabu cha kilimo niliyopewa niipitie nimekuta istilahi "tufe la mizizi", nami siwezi kuinyamazia. Lorenz Hiltner, Mjerumani aliyechunguza mikunde na bakteria wake, aliliunda neno la asili, rhizosphere, mwaka 1904 kwa Kigiriki: rhiza, yaani mzizi, na sphaira, yaani mpira. Wanakamati wetu wa istilahi wakaona wajibu wao ni kuubeba mpira huo mzimamzima. Lakini sphaira hiyohiyo imo katika neno la Kizungu la hewa inayoizunguka dunia, na waliotupa "angahewa" hawakuhangaika na mpira wowote. Walitazama kitu chenyewe.

Kitu chenyewe ni hiki. Ng'oa mche wa mahindi, ukung'ute. Udongo uliolegea utaanguka. Ule wa milimita chache uliong'ang'ania vijizizi ndio unaozungumziwa. Humo mzizi humwaga sukari, asidi na ute, na vijidudu hujazana kuliko katika udongo wa mbali nao. Wala haukaribishi kila ajaye. Maharage hutoa flavonoidi, na bakteria wa rizobia huitika wakajenga vinundu. Mahindi yenye njaa ya fosforasi hutoa strigolaktoni kuita kuvu wa mikoriza, na kwa bahati mbaya mbegu za gugu la kiduha nazo huamshwa na wito uleule.

Ndiyo maana nashikilia kiunga cha mzizi. Kwa watu wa pwani kiunga ni pembezoni mwa mji, na pia ni shamba la miti ya matunda lililoko huko. Neno moja limebeba ukaribu, makazi na chakula. Tufe halibebi hata kimoja. Mpenzi mmoja wa "eneo la mizizi" amedai kiunga ni neno la washairi. Si kweli: viunga vya Dar es Salaam hutajwa redioni kila uchao. Na hilo eneo lake ni udongo wote mizizi inakofika. Mwanafunzi akiambiwa bakteria wamejaa humo atachota popote. Nilimwandikia hayo, nikajibiwa kwamba kikao kimekwisha kuamua. Kikao hakina mamlaka ya kuufanya udongo uliogandamana na mzizi kuwa mpira.

Kimatumizi: kiunga cha mzizi, wingi viunga vya mizizi, bakteria wa kiungani, sampuli ya kiungani, ichukuliwayo baada ya kukung'uta.