Keke: Kutoka Uta Hadi Umeme

Ndugu wa Mnyuzi usomaye somo hili, kabla hujatoa fedha zako kununua keke ya umeme, ambayo wengi huiita drili, tazama kwanza ilikotoka.

Seremala wa zamani wa pwani alitoboa mbao kwa keke ya uta. Kamba ya uta ilizungushwa kwenye mti wa keke, naye akauvuta uta huku na huku, na chuma kikazunguka. Majahazi yalitobolewa hivyo.

Mwaka 1895, huko Stuttgart, kiwanda cha Fein kilitengeneza keke ya umeme ya kushikwa mkononi. Siku zile Wajerumani walikuwa wakijenga reli ya Tanga, iliyopita Mnyuzi na kufika Korogwe mwaka 1902. Keke ile ilikuwa ya viwandani. Mwaka 1946 ndipo Black & Decker wa Marekani walipoanza kuuza za nyumbani kwa bei nafuu.

Hapo ndipo penye jambo letu. Keke ya fundi ni ghali kwa kuwa yafanya kazi kutwa. Wewe utoboaye matundu kumi kwa mwaka, ya nini gharama hiyo? Wati 500 zatosha, mradi uipumzishe ikipata moto. Kwa ukuta wa saruji, chagua izungukayo na kugonga. Ya betri mimi naiogopa: ikikaa kabatini miezi mingi, betri yaweza kuharibika. Tena soma kibandiko, hasa cha mtumba: umeme wetu ni volti 230, na mashine ya volti 110 itaungua. Kama ni mbao tu, keke ya kuzungusha kwa mkono haidai umeme hata kidogo.